Dereva wa mbio na joto la Pwani: Rejeta ya gari umeikagua, mwili je?

MTU anayelipeleka gari lake mwenyewe kwenye siku ya mashindano ya ridhaa huamka mapema kulishughulikia. Atapima oili, atatazama breki, atajaza maji ya rejeta na kupima upepo wa kila gurudumu. Makanika ataitwa hata kwa mlio mdogo tu chini ya boneti. Lakini ukimwuliza dereva huyo amelala saa ngapi, amekunywa maji kiasi gani tangu jana, au presha yake ilipimwa lini, aghalabu hatakuwa na jibu.

Huku kwetu Pwani kusahau huko kuna hatari yake. Joto linaweza kumwangusha dereva ambaye gari lake halina kasoro yoyote. Na kabla ya kumwangusha humwondolea uamuzi wake polepole, mwenyewe asijue.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Mwaka 1953 yalipoanzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopitia Kenya, Uganda na Tanganyika, walioshindana walitumia magari ya kawaida ya kutoka dukani. Baadaye Safari Rally ikawa uwanja wa makampuni makubwa na madereva wa kulipwa. Mwaka 2003 yalianza mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, na huko wenye mali wakarudi kwenye usukani wakiendesha magari kama Datsun 260Z, Ford Escort na Porsche 911. Mombasa imekuwa mahali pa kuanzia au kumalizia mara kadhaa. Mbali na hayo kuna siku za otokrosi, ambapo mtu huzunguka na gari lake katika kiwanja cha vumbi akishindana na saa.

Mchezo wa kukaa, si wa kupumzika

Watu wengi hudhani kwamba dereva hafanyi kazi kwa kuwa amekaa. Madaktari waliowapima madereva wa mbio wakiwa kazini wamekuta mapigo ya moyo yakivuka 150 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Mikono hushindana na usukani, mguu hukandamiza breki kwa nguvu, na shingo hubeba kichwa pamoja na helmeti kila gari linapokata kona. Juu ya hayo kuna hofu na msisimko, ambavyo huupiga moyo mijeledi.

Msuli unaofanya kazi hutoa joto kama injini inavyotoa. Katika injini ya petroli, ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta inayofika kwenye magurudumu. Kubwa zaidi hupotea kama joto, na ndiyo maana gari likawekewa rejeta. Rejeta ya binadamu ni ngozi yake. Damu ya moto hupelekwa kwenye ngozi, jasho hutoka, na jasho hilo linapogeuka mvuke huondoka na joto. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halijampoza mtu. Limempotezea maji na chumvi tu.

Fukuto la Gazi

Tuchukue mfano wa hali ya hewa ya Gazi, kijiji kilicho takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kati ya Ukunda na Msambweni. Hapo kuna bahari na msitu mkubwa wa mikoko. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana katika Pwani hii ya kusini hufika nyuzi 31 hadi 33. Msomaji wa bara aliyewahi kusikia nyuzi 38 za jangwani ataona hizo ni chache. Lakini hewa ya Gazi imejaa unyevu wa bahari, na hewa iliyokwisha shiba maji haina nafasi ya kupokea jasho lako. Hilo ndilo fukuto.

Wenyeji wanalielewa jambo hili. Mwenye kazi ya jua hujitahidi kuimaliza asubuhi, na adhuhuri hutafuta kivuli. Dereva aliyetoka Nairobi Ijumaa jioni, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hana mazoea hayo, wala mwili wake hauna. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 za kuzoea joto, ndipo ujifunze kutoa jasho mapema na kubana chumvi isipotee sana. Safari ya Jumamosi na Jumapili haitoshi.

Sasa mtie mtu huyo ndani ya gari. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kuongeza nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu. Magari mengi ya spoti yaliyotengenezwa kwa mashindano yameondolewa kipoza hewa ili kupunguza uzito, na ukuta unaotenganisha miguu ya dereva na injini hupitisha moto. Ovaroli ya kuzuia moto, glavu na helmeti vyote huzuia jasho kukauka. Mavazi hayo ni ya lazima, na mtu asiyavue akiwa mbioni kwa kisingizio cha joto. Lakini na ajue kwamba amejifunika blanketi.

Ikiwa kuna anayedhani haya ni ya watu dhaifu, akumbuke mashindano ya Formula 1 ya Qatar tarehe 8 Oktoba 2023. Yalifanyika usiku, na madereva wake ni vijana wanaofanya mazoezi mwaka mzima. Hata hivyo Logan Sargeant aliacha mbio kwa kuugua, na Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti yake. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIA, lilitunga kanuni iliyoanza mwaka 2025: joto linalohisiwa, yaani joto pamoja na unyevu, likitabiriwa kuvuka nyuzi 31, hatari hutangazwa na magari hutakiwa kufungwa mtambo wa kumpoza dereva. Mchana wa kawaida wa kaskazi hapa Gazi unaweza kuvuka kipimo hicho.

Dalili zinavyopangana

Joto la kawaida la ndani ya mwili ni karibu nyuzi 37. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo moja na nusu ya maji, yaani takriban asilimia mbili ya uzito wake, umakini wake huanza kupungua. Katika ofisi atakosea hesabu. Katika kona atachelewa kufunga breki.

Hatua ya kwanza ni uchovu wa joto: kiu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na mapigo ya haraka. Mtu huyu bado anajibu sawasawa. Atolewe kwenye gari, akae kivulini, avuliwe helmeti na ovaroli, apepewe, amwagiwe maji na apewe kinywaji. Siku hiyo asirudi mbioni, hata akisema amepata nafuu.

Hatua ya pili ni kiharusi cha joto. Jina lisikupoteze: si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja. Hapa joto la ndani limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika. Mtu huropoka, hukasirika bila sababu, hupepesuka, hawezi kutaja jina la mahali alipo, au huanguka kwa kifafa au kuzirai. Wengi husubiri ngozi iwe kavu ndipo waamini. Hilo ni kosa, kwani aliyekuwa akifanya kazi nzito anaweza kuwa bado anatiririka jasho.

Si kila mwili moto ni malaria

Katika nchi ya malaria kama Kwale, mtu mwenye mwili moto anayeropoka hudhaniwa mara moja kuwa ana malaria iliyopanda kichwani. Hupewa parasetamoli, hulazwa chini ya feni, na watu husubiri. Lakini parasetamoli haishushi joto la aina hii. Dawa hiyo hufanya kazi pale ubongo wenyewe ulipopandisha kipimo cha joto kwa sababu ya ugonjwa. Katika kiharusi cha joto kipimo hakikupanda. Ni rejeta iliyoshindwa.

Aliyepandwa na joto akiwa mbioni, au muda mfupi baada ya kushuka, apozwe kwanza. Malaria itapimwa hospitalini, na kumpoza hakutamdhuru hata ikipatikana.

Kupoza kuwe kwa haraka na kwa nguvu; lengo ni kushusha joto ndani ya nusu saa ya kwanza. Mtumbukize hadi shingoni katika pipa, karai kubwa au hodhi la maji baridi, mtu mmoja akimshikilia kichwa kisizame. Kama hakuna chombo, mwagie maji mfululizo huku wengine wakimpepea, na uweke barafu shingoni, kwapani na kwenye vinena. Usimnyweshe kitu ikiwa amechanganyikiwa, kwani kitaingia kwenye mapafu. Ikiwa gari lilipinduka au kugonga, linda shingo yake. Mwite mwenye gari la wagonjwa mara moja, lakini endelea kumpoza wakati mnasubiri na hata njiani kuelekea hospitali, kama ile ya Msambweni kusini mwa Gazi.

Kuna adui mwingine anayefanana na joto: moshi wa eksozi inayovuja ndani ya gari. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kusinzia vyaweza kuwa sumu ya kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dereva akitoka hewani na kupata nafuu upesi, gari lisiendeshwe tena kabla eksozi haijakaguliwa.

Maji, madafu na chumvi

Anza kunywa maji siku moja kabla. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu iliyofifia, uko sawa, ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Siku ya mbio kunywa kidogo kidogo kila unaposhuka. Usijishindilie lita kwa lita za maji matupu, kwa kuwa chumvi ya damu ikizimuliwa sana ubongo huvimba, na hilo nalo huua.

Madafu ni mema, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi ya kawaida kidogo, ilhali jasho hutoa zaidi chumvi. Kwa hiyo yaandamane na chakula chenye chumvi. Aliyetoka jasho jingi anaweza kutumia pakiti ya ORS katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha, katika lita moja.

Pombe ya usiku uliotangulia hukausha mwili. Miraa na muguka hupandisha mapigo ya moyo na joto, kisha huficha uchovu, na uchovu ndio kengele inayokuambia usimame.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni wenye maradhi ya moyo, presha au kisukari, wajawazito, na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo au baadhi ya dawa za mafua na mzio, ambazo hupunguza jasho. Mwenye homa au anayeharisha abaki nyumbani.

Mwenzako awe na kauli

Kwa kuwa joto huharibu uamuzi, dereva si mtu wa kuaminiwa kujipima mwenyewe. Chagua mwenzako mmoja asiyeshindana, mpe haki ya kusema "basi", na mkubaliane kabla injini haijawashwa. Kila ukirudi akuulize swali dogo: ni mzunguko wa ngapi, saa ngapi sasa? Ukijibu kwa kusitasita, ufunguo achukue yeye. Wenye kuandaa nao waweke kivuli, barafu na chombo cha kumtumbukiza mtu, na wapange mbio za asubuhi.

Mwisho, ukishamaliza bado kuna barabara ya kurudi. Njia ya Likoni hadi Lunga Lunga hupita katikati ya vijiji, na watoto wa Gazi huivuka kwa miguu. Dereva aliyekaushwa na jua, mwenye moyo ambao bado uko mbioni, hafai kuishika njia hiyo mara moja. Pumzika saa nzima kivulini, kunywa, kula, au mpe mwenzako usukani.