Mchimbaji mwenye karatasi mkononi

Tuliomba mchora-picha mmoja wa hapa Kalemie atuchoree ukutani, pale tunapofanyia mikutano, mchimbaji anayesoma. Alipomaliza tukakuta bwana wa kravati, miwani, na kalamu tatu mfukoni. Taa ya kichwa hakuna. Mchimbaji ni wapi? Akatujibu: «Bakubwa, musomi bila kravati, batu batamujua namna gani?»

Hatukumcheka sana, juu wazo hilo si lake. Zamani za Wabelgiji, mji wetu ukiitwa Albertville, idara ya habari ya koloni ilipiga foto za wale walioitwa évolués: baba kitini na kitabu au gazeti, nyumba safi. Mwaka 1948 ikaja kadi ya mérite civique, na 1952 immatriculation, ambapo wakubwa waliingia mpaka nyumbani kuangalia mtu anaishi namna gani. Kitabu kikawa cha kuonyesha, sawa na viatu. Mtu wa shimo hakuhesabiwa humo.

Lubumbashi kulipatikana njia nyingine. Tshibumba Kanda Matulu, kati ya 1973 na 1974, alichora historia ya Zaïre kwa picha karibu 100, na maneno akayaandika palepale juu ya picha. Wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi 1941, walipoomba nyongeza ya mshahara, wamo. Ukiangalia picha yake, lazima usome. Kravati hakuna anayekuuliza.

Kwa sisi hii si hadithi ya wasanii tu. Mwenzetu mmoja aliwekewa karatasi ya Kifaransa mbele ya makarani, akaambiwa ni ya kupokea mabuti. Akaweka kidole. Kumbe alikubali kwamba amekwisha kulipwa yote, na miezi mitatu alikuwa anadai. Na kusoma anajua! Alituambia mwenyewe: aliona haya kuwasimamisha watu wa kravati wangoje yeye afuate mstari kwa kidole.

Basi mchora-picha alirudi. Kravati akaifuta, taa akaiweka, kitabu kinene akakigeuza karatasi yenye muhuri, na kidole cha mchimbaji kiko kwenye mstari wa pili. Miwani tulitaka aitoe pia. Mzee mmoja wetu akakataa: «Muache. Miye bila miwani sioni kitu.»