Bahari Inayofika Nyambene

Mkulima wa chai wa Runyenjes au wa Michimikuru aghalabu hupitisha umri wake wote pasi na kuiona bahari, wala hajioni kuwa na haja nayo. Ila kila mwaka, inapofika zamu ya bonasi, bahari humfuata huko huko milimani na kuchukua fungu lake, naye, kwa kutojua njia iliyopitwa na majani yake, hudhani kwamba aliyempunja ni karani wa kituo cha kununulia chai. Makala haya yamekusudiwa kuieleza njia hiyo, na hususan kueleza ni nani serikalini mwenye dhamana ya bandari na meli, ana amri gani mkononi, na amri hiyo inakomea wapi; kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba watu wa Meru na Embu wana haki ya kuzijua habari za bandari ya Kilindini, Mombasa, sawasawa na watu wa Mvita.

Majani huchumwa asubuhi, mawili na chipukizi lake, yakapimwa kwenye mizani ya kituo, yakapakiwa lorini hadi kiwandani, Mungania au Rukuriri kwa upande wa Embu, Imenti, Kionyo, Githongo au Kiegoi kwa upande wa Meru; na huko yakanyaushwa, yakakatwa, yakaachwa yachachuke, yakakaushwa na kupambanuliwa kwa daraja, kisha yakatiwa katika magunia ya karatasi yenye jina la kiwanda na nambari ya fungu. Kutoka hapo lori huteremka mlima, likapita Nairobi na kuifuata njia kuu ya Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 700 kwa anayetoka Meru, mpaka kwenye maghala ya Mombasa, ambako chai hungojea mnada. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo hufanyika kila wiki, bei zikitajwa kwa dola za Marekani. Mnunuzi, awe anainunulia Pakistan, Misri au Uingereza, si mtu wa kubahatisha: kabla hajataja bei huwa amekwisha kupiga hesabu ya nauli ya meli, ya bima, na ya siku ambazo mali itakaa njiani, na kila senti inayozidi katika hesabu hiyo huiondoa katika kile anachokubali kumlipa mwenye chai. Kwa hiyo kontena likichelewa gatini, anayelipia ucheleweshaji ni yule mama aliyeinama shambani Kionyo, ingawa jina lake halimo katika hati yoyote ya meli.

Na hesabu hiyo hiyo humrudia kwa mlango wa pili. Mbolea ya chai, ile ya NPK 26:5:5 ambayo shirika la KTDA huwaletea wakulima wake katika mifuko ya kilo 50, hufika Kilindini ikiwa imemwagwa ndani ya tumbo la meli kama mchanga, maelfu kwa maelfu ya tani, ikapakuliwa kwa makreni, ikatiwa mifukoni na kupandishwa malori hadi vijijini. Meli ikikosa nafasi ya kufunga gati na kungoja nje ya lango la bandari, mwenye meli hudai malipo kwa kila siku aliyongoja, na malipo hayo hayana pa kwenda isipokuwa kwenye bei ya mfuko. Hivyo mkulima huikuta bahari mara mbili, katika anachouza na katika anachonunua.

Sasa, nani aliye mwangalizi wa mambo haya? Kwa muda mrefu jawabu halikuwa Kenya peke yake. Tangu mwaka 1948 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya shirika moja, na mwaka 1969 bandari zilitengwa na kuundiwa shirika lake, lenye makao makuu Dar es Salaam, likisimamia Mombasa pamoja na bandari za Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua kilicho chake, na mwezi wa Januari 1978 ikazaliwa Halmashauri ya Bandari za Kenya, ambayo wengi huijua kwa herufi za KPA. Hiyo ndiyo iendeshayo bandari: humtuma rubani kuipokea meli baharini na kuiongoza katika mkondo mwembamba wa kuingilia, huleta matagi ya kuisukuma gatini, hupakua, huhifadhi, na hutoza ada kwa kila tendo katika hayo. Mwaka 2024 shehena iliyopita Mombasa ilivuka tani milioni 40, na mzigo wa namna hiyo hauendeshwi na wizara kutoka mezani Nairobi. Wizara hutunga sera, waziri na rais huteua wakubwa wa halmashauri, Bunge huuliza maswali juu ya fedha, na kazi ya kila siku huachiwa wenye kuijua.

Lakini mwenye kuendesha hafai kujikagua. Hilo lilidhihirika dunia nzima baada ya mashambulizi ya Marekani ya mwaka 2001, mataifa yalipokubaliana juu ya kanuni mpya za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Na katika mwezi uliotangulia, Juni 2004, Kenya iliunda chombo cha pili, Mamlaka ya Masuala ya Bahari, yaani KMA, kilichopewa sheria yake kamili mwaka 2006 na kuongezewa nguvu kwa sheria ya meli za biashara ya mwaka 2009. KMA haipakui hata gunia moja. Kazi yake ni kuandikisha vyombo, kutoa vyeti kwa mabaharia, kulinda maji dhidi ya uchafuzi, kuwapa leseni mawakala wa meli na watoa huduma wengine, na kuzikagua meli za kigeni zinapotia nanga.

Ukaguzi huo wastahili kuelezwa, maana ndipo mkono wa serikali unapoonekana waziwazi. Mkaguzi hupanda kwa ngazi ya ubavuni, akaketi na nahodha na kuvipitia vyeti kimoja baada ya kingine. Akashuka chumba cha injini kulitazama daftari la mafuta machafu, ili ajue yalimwagwa wapi. Akaamuru mashua ya kuokolea ishushwe mbele ya macho yake. Akamtaka baharia yeyote amwonyeshe bomba la kuzimia moto na namna ya kulifungua. Akauliza mshahara ulilipwa lini na maji ya kunywa yapo kiasi gani. Akiona kasoro ya kuhatarisha maisha ana mamlaka ya kuizuia meli isiondoke, iwe ya tajiri yeyote, mpaka itengenezwe. Na habari zake hupelekwa kwa nchi nyingine za Bahari ya Hindi zilizofungamana na Kenya katika mapatano ya ukaguzi yaliyoanza mwaka 1999, ili meli mbovu isikimbilie bandari ya jirani. Naam, kwa nchi isiyo na meli kubwa za makontena zenye bendera yake, licha ya kuwa na Shirika la Meli la Taifa tangu mwaka 1987, amri hii ya kuzuia ndiyo silaha kubwa iliyobaki mkononi mwake.

Ila hapa pana jambo linalonikera, nami sitalificha. Baada ya uchaguzi wa 2022 mambo ya meli na bahari, pamoja na KMA, yaliwekwa chini ya wizara ya madini, uchumi wa majini na masuala ya bahari, ilhali bandari zenyewe zikabaki chini ya wizara ya barabara na uchukuzi. Zipo hoja za kutenga hivyo, na hoja ya kutomweka mkaguzi na mkaguliwa chini ya waziri mmoja ni nzito. Walakini chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Embu, kikitaka kujua kwa nini ada za wakala wa meli zimepanda katika juma ambalo ada za gati nazo zimepanda, hulazimika kubisha milango miwili, na kila mlango una njia rahisi ya kuonyesha kidole mlango wa pili. Mtengano wa madaraka ni mzuri pale tu ambapo mwananchi anaambiwa waziwazi nani hujibu lipi, na hilo, kwa watu wa bara, halijafanywa ipasavyo.

Nguvu ya amri ya wizara ilionekana baada ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi kufunguliwa mwaka 2017, serikali ilipoagiza makontena ya waagizaji yapelekwe kwa treni hadi bandari ya nchi kavu ya Embakasi, Nairobi, na kutolewa huko. Kwa mfanyabiashara wa Meru, Embakasi ni karibu kuliko Kilindini, na wapo waliofurahi; wapo pia waliolalamika kwamba wamenyimwa hiari ya kumchagua mwenye lori wanayemwamini, na Mombasa yenyewe ikapigwa na upungufu wa kazi uliowatoa watu barabarani kuandamana. Mwezi wa Septemba 2022 agizo hilo likageuzwa, na shughuli za kutoa mizigo zikarudishwa Mombasa. Sera iliwekwa kwa kalamu na ikaondolewa kwa kalamu, na katika nyakati zote mbili sikusikia kwamba wakulima wa mlimani waliulizwa.

Ipo pia mipaka isiyovukwa na waziri yeyote. Tangu Novemba 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu na kampuni kubwa zikaamua kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kwenda Ulaya iliongezeka kwa siku 10 hadi 14. Chai huvumilia, gunia lake kavu halibadiliki kwa majuma mawili. Parachichi halivumilii. Mkulima wa Imenti aliyeng'oa kahawa akapanda parachichi huliuza tunda lililo hai, linalopumua ndani ya kontena la baridi, lililohesabiwa siku zake tangu lilipokatwa shinani. Zikizidi hizo, hufika sokoni limelainika na mnunuzi hulikataa au hulipa atakavyo. Wizara haina manowari za kuifungua Bahari ya Shamu, lakini yako yaliyo katika uwezo wake: kuhakikisha kontena la matunda halikai foleni langoni, kwamba umeme wa kulipoza haukatiki, na kwamba mawakala hawageuzi msiba huo kuwa kisingizio cha ada zisizo na msingi. Miraa pekee, kwa kuwa hunyauka kwa siku mbili tatu, ilikwisha kuiacha bahari na kupanda ndege.

Limebaki swali la Lamu, ambalo kwetu si geni kama lidhaniwavyo. Wazee wa Meru husimulia kwamba chimbuko lao ni Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambako walitoka kwa kukimbia dhuluma. Na wapo wanaopalinganisha na kisiwa cha Manda. Sasa, kando ya ghuba ya Manda ndipo serikali ilipojenga bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, baada ya Mahakama Kuu kuamua, mwaka 2018, kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi. Njia yake imechorwa ipite Garissa hadi Isiolo, mlangoni pa Meru, na kwa ramani tupu mtu angeapa kwamba chai ya Nyambene itashukia huko.

Mimi sitarajii hivyo kwa miaka ya karibu. Mnada uko Mombasa, maghala yako Mombasa, mabenki na mawakala wa chai wako Mombasa, na mwenye meli hatii nanga pasipo shehena ya kumjazia, ilhali mwenye shehena hapeleki mali pasipo meli za kuja kwa ratiba. Fauka ya hayo, ujenzi wa barabara ya Lamu umekatizwa mara kwa mara na mashambulizi. Kinachoweza kuifungua Lamu kwa watu wa Meru si gati jingine, bali ni wizara mbili zile kukaa pamoja na kuafikiana juu ya ulinzi wa barabara, juu ya ada nafuu za miaka ya mwanzo, na juu ya mifugo na nafaka za Isiolo na Garissa zitakazoanza kuzijaza meli kabla ya chai. Na mazungumzo hayo yakifanyika, Katiba ya 2010 inazilazimu kuyaleta mbele ya umma, Maua na Embu mjini pia.