Mtoto Mwenye Pumu na Haki ya Kukimbia

Asubuhi za Kakamega huwa na baridi na ukungu, hasa pande za msituni, na mtoto mwenye pumu akikimbia katika hewa hiyo huanza kukohoa. Mzazi akiona hivyo mara mbili tatu humwita ndani, akamkalisha kwenye kochi na kumpa simu atazame katuni. Anafanya hivyo kwa upendo, lakini kifua cha mtoto kinapungukiwa.

Anayekimbia hupumua haraka, kwa mdomo. Hewa haipiti puani ipashwe joto na kupata unyevu, kwa hiyo mirija ya mapafu hukauka na kupoa. Kwenye kuta zake mna seli za kinga ziitwazo masti. Ukavu huo huzichokoza zikamwaga histamini na leukotrieni, kemikali zinazoifanya misuli ya mirija ijibane. Mtoto ambaye pumu yake haijatibiwa huumia zaidi, maana kuta hizo zimekwisha kuvimba na kujaa seli nyingine za kinga, eosinofili, kwa sababu ya vumbi, moshi au virusi vya mafua. Uvimbe huo ndio wa kutibu.

Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima wanafunzi baada ya kukimbia: pumzi ilishuka kwa karibu asilimia 23 ya watoto wa Nairobi, na 13 ya wale wa mashambani Murang'a. Nako Uingereza, ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba watoto waliotazama televisheni zaidi ya saa mbili kwa siku wakiwa na miaka mitatu hivi walikaribia maradufu ya wenzao kwa uwezekano wa kupata pumu kabla ya kutimiza miaka 12. Hilo halithibitishi kwamba televisheni huleta pumu. Hata hivyo, mtoto anayekaa kutwa huongezeka uzito, na mafuta ya ziada mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe. Tena kwetu, kumweka ndani mara nyingi ni kumweka karibu na moshi wa kuni. Mimi nauogopa moshi huo kuliko uwanja.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne acheze angalau saa tatu kwa siku, moja kati ya hizo akitweta, na skrini isizidi saa moja. Ushauri huo unamhusu pia mwenye pumu, mradi atibiwe.

Kwa mtoto mwenye dalili za mara kwa mara, tiba ni inhela ya steroidi kila siku kama alivyoelekezwa na daktari, hata siku asiyokohoa. Ile ya salbutamol hufungua mirija tu. Daktari akishauri, hupulizwa dakika 10 hadi 15 kabla ya mbio. Mtoto mdogo hawezi kuivuta bila chombo cha kushikia dawa. Kama hakipatikani, utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, hufanya kazi sawa na cha dukani.

Aanze kwa kutembea, kisha mbio za polepole. Siku miwa inapochomwa jirani, acheze mbali na moshi. Mwalimu wa michezo ajue inhela iko wapi. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi, apewe salbutamol na kukimbizwa hospitali papo hapo.