Macho ya Watoto Wachanga: Dalili Zisizongoja

Wazazi, walezi na wakunga wanakumbushwa kwamba sehemu kubwa ya upofu wa utotoni huzuilika au hutibika, iwapo mtoto atafikishwa mapema kwenye kituo cha afya. Maradhi yaelezwayo hapa huwapata watoto popote, Bara na Visiwani. Ila vikope hustawi zaidi mahali pakavu.

Usaha wa macho. Mtoto akitokwa na usaha na kuvimba kope katika siku 28 za mwanzo, huenda ameambukizwa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa. Kisonono huweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda wa siku chache tu. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na wazazi wote wawili watibiwe. Kinga yake ni dawa ya macho ya tetrasaiklini, ambayo mkunga humpaka mtoto mara baada ya kuzaliwa.

Machozi yasiyokauka. Jicho lisilo jekundu lakini lenye kulengalenga machozi aghalabu njia yake ya machozi imeziba. Hali hii kwa kawaida hujiponya kabla mtoto hajatimiza mwaka 1.

Weupe ndani ya mboni. Hii ni dalili ya hatari. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayotishia uhai wenyewe. Mtoto wa jicho mzito hutakiwa kuondolewa katika miezi michache ya mwanzo, kwani ubongo hujifunza kuona wakati huo. Fursa hiyo ikipita, upasuaji pekee haurejeshi uoni kamili. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali kubwa, zikiwemo Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam na KCMC ya Moshi.

Makengeza. Yakiendelea baada ya miezi 4, mtoto achunguzwe.

Vikope. Katika Kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, kama kwingineko katika ukanda mkavu wa kati, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Maji yanapokuwa haba, nyuso za watoto hukosa kuoshwa, na nzi huhamisha maradhi kutoka jicho hadi jicho. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba uso safi hupunguza vikope vikali. Maji ya kikombe kimoja yatosha kuosha uso wa mtoto.

Aidha, mtoto apatiwe chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na miezi 18, na matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5, kwani surua na upungufu wa vitamini hiyo huharibu kioo cha jicho.

Inasisitizwa kwamba maziwa ya mama, mkojo na dawa za miti shamba visitiwe machoni kamwe. Vitu hivyo huongeza vidonda na kupoteza siku ambazo jicho la mtoto haliwezi kuzingoja.