Lishe ya Binti Balehe Nakivale – Sehemu ya Pili: Madini ya Chuma, Maharage na Kikombe cha Chai

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba balehe ni kipindi cha pili cha ukuaji wa kasi baada ya uchanga. Leo tunaangalia upungufu wa madini ya chuma, na namna ya kuwafundisha mabinti kuuzuia kwa vyakula vilivyo karibu nao.

Mwili hutumia chuma kutengeneza himoglobini, ambayo hubeba oksijeni katika damu. Msichana anapovunja ungo mahitaji yake huongezeka kwa njia mbili: mwili unarefuka na kujenga damu mpya, na wakati huohuo hedhi inamwondolea damu kila mwezi. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, na mvulana wa umri huo miligramu 11. Msichana asipozipata huchoka upesi, kichwa humzunguka, masomo hayamwingii, na pengine hutamani kula udongo. Wazazi wengi humwita mvivu, kumbe ana upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya wanawake wa Uganda wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na hali hiyo.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yalianzishwa mwaka 1958 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Chakula cha kila siku kwa wengi ni posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage. Huko Mbarara, mji wa jirani, sufuria imejaa matoke, na maziwa hayakosekani katika nchi ya ng'ombe wa Ankole. Pande zote mbili watu hushiba, lakini matoke na posho vina chuma kidogo, na maziwa karibu hayana kabisa. Kushiba peke yake hakumkingi binti.

Historia ya wakimbizi inatoa onyo. Mwaka 1989 na 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgawo uliokuwa na mahindi kwa wingi. Karanga zilipokosekana katika mgawo huo, watu zaidi ya 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili unaoletwa na upungufu wa vitamini B3. Mahindi hayakupungua, kilichokosekana ni kitoweo cha kuyasindikiza. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linagawa msaada Uganda kwa makundi ya uhitaji, na kaya nyingi zimepunguziwa mgawo. Ndiyo maana elimu ya lishe inahitajika zaidi sasa.

Tuwafundishe nini, basi? Kumtajia binti nyama na maini, vitu ambavyo mama yake hana fedha ya kuvinunua, ni kumkatisha tamaa. Tumfundishe kuoanisha. Chuma cha maharage na mchicha, ule tunaouita dodo au lengalenga, hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C hukifungulia njia. Basi maharage yaliwe na nyanya mbichi, au yakamuliwe limau, au baada ya mlo liliwe pera au chungwa. Dagaa kiganja kimoja, mukene au ndagala, huongeza chuma kinachofyonzwa kwa urahisi na husaidia kufyonza kile cha maharage. Chai, iwe kavu au ya maziwa, huzuia chuma. Inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Kubadilisha saa ya chai hakuhitaji shilingi hata moja.

Chakula pekee hakitoshi pale ambapo malaria na minyoo vinaharibu au kunyonya damu. Chandarua, viatu, choo safi na dawa ya minyoo ni sehemu ya somo hilihili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo upungufu wa damu umefikia asilimia 20 ya wanawake wasio wajawazito, wanawake na wasichana walioanza hedhi wapewe mara moja kwa wiki kidonge chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za asidi ya foliki. Asidi hiyo ni muhimu kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto huundwa katika wiki nne za kwanza za mimba, kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Binti anayechoka mno au anayetoka hedhi nyingi apelekwe kituo cha afya apimwe.

Mwisho, somo hili lisiishie darasani. Binti hashiki pesa ya soko, na katika nyumba nyingi dagaa huenda kwanza kwenye sahani ya baba na ya wavulana. Walimu na wahudumu wa afya wa vijiji, waiteni akina mama, akina baba na mashangazi wakae pamoja na mabinti, mpike, mle na muulizane. Nanyi wazazi, leo jioni mpakulieni binti dagaa sawa na kaka yake, na birika la chai lisubiri.

Sehemu ijayo itahusu vitamini A na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kazi iliyompatia Mganda Robert Mwanga na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.