Tone la Maji Uvunguni mwa Gari

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za malezi, za jikoni na za afya ya nyumba. Mwezi huu twaomba ruhusa yao tuingie uvunguni mwa gari. Gari si tena jambo la matajiri peke yao. Katika Mbinga yetu utaona nyumba ya kawaida kabisa, yenye banda la kuku upande huu na gari kuukuu la Kijapani upande ule, na baba wa nyumba amelala chali chini yake siku ya Jumamosi, akilitengeneza mwenyewe ili kuokoa ujira wa fundi. Sisi tu katika hao. Wala hatuwalaumu, kwani kazi ya mikono ni heshima. Lakini yaliyotupata mwaka huu yafaa yasimuliwe, maana nusura yatugharimu zaidi ya ujira wa mafundi kumi.

Gari letu lilikuwa likichelewa kupata joto asubuhi, na asubuhi za Mbinga, kama wajuavyo wakazi wa milima ya Wamatengo, si za mchezo katika mwezi wa Juni na Julai. Tukaambiwa kwamba thamostati imekufa. Hiki ni kilango kidogo cha chuma kilichowekwa katika njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kilango hufungwa, maji yakazunguka ndani tu. Maji yakifika joto la digrii 82 hivi, nta iliyomo ndani yake hutanuka ikausukuma mlango, maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa. Kikikwama wazi, injini haipati joto lake. Kikikwama hali kimefungwa, injini huchemka. Kifuniko chake hushikwa na bolti mbili tu. Tukasema, bolti mbili, nani atakwenda kwa fundi kwa ajili ya bolti mbili?

Basi tukafungua. Gasketi ya zamani, ambayo ni karatasi ngumu tu, ilikuwa imeganda juu ya chuma, nasi tukaibandua kwa bisibisi, tukaacha mikwaruzo miwili mitatu na kipande ambacho hatukukiona. Tukaweka thamostati mpya na gasketi mpya, tukapaka gundi nyingi kwa kudhani kwamba wingi ni nguvu. Kisha tukakaza bolti ya kwanza mpaka mwisho, ndipo tukaigeukia ya pili. Fundi yeyote asomaye hapa amekwisha kutikisa kichwa. Kifuniko kile ni cha aluminiamu, madini laini. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili huinuka kwa unene wa unywele, na maji hayahitaji zaidi ya unywele.

Asubuhi yake mama watoto alitoka nje kufagia, akaita, "Baba watoto, gari lako linatoka machozi." Tukatazama. Palikuwa na doa la maji, si kubwa kuliko sahani ya chai. Tukajibu kwa kujiamini kwamba hayo ni maji yaliyomwagika jana wakati wa kazi, yamejificha mahali yakidondoka polepole. Na kwa kweli hutokea hivyo. Ndiyo maana udhuru ule ulituridhisha. Siku ya pili doa likawapo tena. Safari hii tukaona mpira wa juu wa rejeta umelowa, tukakaza klipu yake. Siku ya tatu tukaikaza zaidi, mpaka chuma kikaanza kuuma mpira.

Hapa yafaa tukae kidogo. Mahali palipolowa sipo lazima panapovuja. Maji hufuata mpira, hufuata waya, husukumwa na upepo wa feni, yakaja kudondoka mbali na yalikotoka, kama vile paa la bati livujavyo penye msumari huu na tone likaanguka chumba cha pili. Tena kuna uvujaji wa baridi na uvujaji wa moto. Chuma kikipoa husinyaa, mpira mkongwe hukakamaa, na tundu dogo hufunguka usiku. Injini ikipata moto chuma hutanuka, tundu likajiziba, ukasema gari limepona. Na upo uvujaji usioonekana kabisa ila injini ikifanya kazi ngumu, kwa kuwa ndipo msukumo wa maji unapopanda. Na maji yenyewe hukauka papo hapo juu ya chuma cha moto, yasidondoke hata tone. Alama yake ni ukoko mweupe kama chokaa, au wenye rangi ya dawa iliyomo ndani ya maji. Ukoko huo ulikuwapo ukingoni mwa kifuniko chetu. Hatukuutazama.

Wiki ile ikaja habari kwamba mama mkubwa, dada yake mama yetu, amezidiwa huko Mbamba Bay. Mama ni mtu mzima, magoti yake hayampi raha, naye akasema neno moja tu, "Nipelekeni." Tukamchukua, pamoja na kijana wetu wa miaka kumi na minne. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, siku hizi ni ya lami; wazee wanaoikumbuka ilipokuwa ya udongo, malori yakilala njiani wakati wa masika, hushukuru kila wapitapo. Lakini lami haikuiondoa milima. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya bahari, na Mbinga yapita mita 1,000 na zaidi. Kwenda ni kuteremka. Injini haikuvuta chochote, mshale wa joto ukalala chini, nasi tukafika ziwani tukijisifu.

Mama mkubwa tulimkuta ana nafuu. Akina dada wawili wale walishikana mikono wasiachane tangu adhuhuri hata magharibi. Sisi tulikaa ufukweni na wavuvi wanaoanika usipa, na mzee mmoja akatusimulia habari ya Liuli, iliyo kaskazini kidogo ya hapo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ili itengenezwe, na nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita imekwisha kutangazwa, mara Waingereza wakatokea na meli yao Gwendolen wakaipiga mizinga pale pale ilipo. Tukacheka sana. Chombo kilichofunguliwa kwa matengenezo, akasema, hakijui kukimbia. Yetu ilikuwa imesimama nyuma yetu, ikidondoka.

Kesho yake tukaanza kupanda. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na gari lilikuwa na mzigo wa samaki na unga wa muhogo tuliozawadiwa. Katika mwinuko mrefu mshale ukaanza kwenda juu. Tukasema tutasimama penye kivuli. Kivuli kilipokuja tukasema tutasimama juu ya kilima. Kisha ikaja harufu tamu kama ya sukari inayoungua, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Tukazima injini hapo hapo, katikati ya jua.

Kijana wetu ni mwepesi wa kusaidia. Kabla hatujazunguka mlango alikuwa amekwisha kuinua boneti, ana kitambaa mkononi, naye ameshika kifuniko cha rejeta. Wakati huo huo lori lilikuwa likija nyuma yetu, na dereva wake, mzee mwenye kofia ya kufuma, alitoa kichwa dirishani akapiga ukelele: "Acha! Acha hivyo hivyo, mjukuu wangu!" Mtoto akaachia. Mzee akateremka, akamwondoa kwa mkono, ndipo akatusalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ulimwambia afungue?"

Tukanyamaza, kwa sababu hatukumwambia wala hatukuwahi kumkataza.

"Utingo wangu mmoja alikifungua hivi hivi," akasema. "Alikaa hospitali miezi miwili, na jicho moja halikurudi."

Wasomaji na wajue sababu yake. Maji katika sufuria isiyofunikwa, pwani, huchemka kwa digrii 100. Katika miinuko ya Mbinga huchemka kwa digrii 96 hivi, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kwa makusudi kiyashikilie maji kwa nguvu. Ukikitazama utaona kimepigwa tarakimu, mathalani 0.9 au 1.1, nayo ni kilo kwa kila sentimita mraba. Kwa msukumo huo maji huweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Lakini siku ufunguapo kifuniko, msukumo huondoka kwa mara moja, na maji yote yaliyokuwa yamezuiliwa huchemka kwa dakika moja yakaruka usoni mwa aliyeinama. Kitambaa hakizuii kitu. Ni kwa sababu hiyo hiyo hatukubaliani na madereva wanaolegeza kifuniko ili uvujaji upungue. Ni kweli hupungua, lakini maji nayo hurudi kuchemka mapema, hasa huku kwetu juu.

Tukakaa kungoja, muda upatao saa nzima. Mama tulimketisha katika kivuli cha lori. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa dumu moja la lita tano, tuliloweka kwa kunywa na kwa udhu. Tulipolinyanyua kulipeleka kwenye injini mzee akatuzuia tena. "Mama kwanza," akasema. "Chuma kitangoja." Mama akanywa, mtoto akanywa, na kijana akatumwa na ndoo ya utingo kwenye kijito bondeni. Injini ilipopoa hata mkono ukaweza kukaa juu ya rejeta, mzee akafungua kifuniko nusu mzunguko, akasikiliza, kisha akakiondoa. Akatia maji kidogo kidogo huku injini ikinguruma taratibu, maana maji baridi yakimwagwa kwa wingi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua. Kisha akaweka kidole ukingoni mwa kifuniko cha thamostati, akatuonyesha ukoko. "Hapa," akasema, wala hakuongeza neno. Tukaenda mpaka Mbinga kwa kusimama mara nne, tumewasha hita ya gari katika jua la mchana, kwani hita huchota joto la injini. Mama akijipepea kwa ukingo wa khanga bila kulalamika, jambo lililotuuma kuliko kama angelalamika.

Nyumbani tulitazama kwanza mafuta ya injini. Yangekuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ungetoka usiokoma, ingekuwa gasketi ya silinda imeungua, na hapo kazi ingepita uwezo wetu. Alhamdulillahi, mafuta yalikuwa mafuta.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tukafungua upya. Tukaona kipande cha gasketi ya zamani, kikubwa kama ukucha wa mtoto, kimekaa pale pale tulipokiacha. Tukalowesha mabaki mpaka yakalainika, tukayaondoa kwa ubao na si kwa chuma. Tukaweka kifuniko juu ya kipande cha kioo, kikacheza. Ishara kwamba kimepinda. Tukabandika msasa laini juu ya kioo, tukakisugua kwa kukizungusha mpaka kikatulia. Gasketi mpya, gundi nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Kijitundu kidogo kilichomo katika thamostati tulikielekeza juu, ili hewa ipite. Bolti tukazikaza kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, robo ya mzunguko huku, robo kule. Mpira uliokuwa umeumwa na klipu tukaununua mwingine. Tukajaza polepole, kifuniko kikiwa wazi na injini ikiwa hai, mpaka mapovu yakakoma, kwani hewa iliyonaswa humo huchemsha injini hata pasipo uvujaji.

Kuhusu maji yenyewe, wako wasemao kwamba nchi isiyoganda barafu haihitaji dawa ya rejeta. Dawa ile haizuii kuganda tu. Huzuia kutu na ukoko, na huinua kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi hula aluminiamu. Ni afadhali maji safi ya betri yauzwayo vituo vya mafuta. Lakini akina mama wasikilize hapa kuliko popote. Dawa nyingi za namna hii zina sumu iitwayo ethilini glaikoli, nayo ni tamu ulimini. Mbwa huilamba, na mtoto huinywa kama sharubati, ikaharibu figo. Sisi tulikuwa tumeimimina iliyobaki katika chupa ya soda, yenye rangi nzuri ya kijani, tukaiacha kizingitini siku ile ya kwanza. Mdogo wetu wa miaka minne alikuwa amekwisha kuinyanyua, mama watoto alipomnyang'anya. Hakutuambia habari hiyo mpaka tuliporudi kutoka ziwani. Siku hizi hukaa katika chombo chake cha asili, juu ya kabati, nyuma ya kufuli, na ile chafu hupelekwa gereji, haimwagwi uani.

Baada ya kazi tukatandika kadibodi safi chini ya injini usiku kucha, jambo ambalo lingetuokoa tangu siku ya kwanza. Asubuhi ilikuwa kavu. Siku ya pili kavu. Siku ya tatu mama akauliza kama gari laweza kumrudisha Mbamba Bay kwa dada yake, nasi tukampeleka, na mshale haukutikisika kwenda wala kurudi.

Kadibodi bado iko mahali pake. Leo alfajiri tulikuta doa moja dogo juu yake. Tuliligusa kwa kidole tukalinusa. Si maji, ni mafuta ya injini. Tumekwisha kumpelekea fundi habari.