RIMOTI YA KAMERA IKIKATAA, MSIKIMBILIE KUNUNUA NYINGINE

Vikundi vingi siku hizi vina kamera ya dijitali. Vingine vilipewa, vingine vilichanga vikanunua ya mtumba, na kamera hiyo inaleta pesa kidogo kwenye harusi, kwenye matanga na shuleni siku ya wazazi. Tukiwa ziarani upande wa Namboboto na Funyula tumeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu rimoti ya kamera, yaani kile kidude cha mkononi kinachoiamuru kamera ipige picha bila mtu kuigusa. Imekataa. Je, tutoe pesa ya kikundi tununue nyingine?

Tunasema msitoe kwanza. Mara nyingi rimoti yenyewe ni nzima na shida iko mahali pengine, tena padogo.

Kikundi kimoja cha akina mama huko Namboboto kilituonyesha albamu yake. Zilikuwa picha za miaka minne, na katika zote za pamoja kuna mama mmoja asiyeonekana. Si kwamba alikosa mikutano. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Wenzake wakaona si haki, wakanunua rimoti ili naye asimame na wengine. Siku ya kugawana akiba wakajipanga chini ya mwembe saa kumi na moja jioni, mama akaingia mstarini, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akarudi kwenye kamera, akaiweka sawa, akaingia mstarini mara ya tatu, wapi! Usiku ule, ndani ya nyumba, rimoti ikafanya kazi vizuri kabisa. Kesho yake jioni, pale pale mwembeni, ikakataa tena. Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema ameiharibu. Mweka hazina akapendekeza bei ya rimoti ikatwe kwenye akiba ya yule mama. Nasi tukubali kosa letu: tulikuwepo, na ilibaki kidogo tuseme rimoti ni mbovu, nunueni nyingine yaishe.

Kumbe yalikuwa makosa mawili yameshikana, na hakuna hata moja lililokuwa la yule mama. Tutayafikia.

Kwanza jueni rimoti yenu ni ya aina gani, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine. Iliyo kidude kimoja tu, chenye kioo cheusi au balbu ndogo mbele kama rimoti ya televisheni, ni ya infraredi. Hutuma mwanga ambao jicho la mtu halioni. Canon RC-6 na Nikon ML-L3 ni za jamii hii, nazo hufika kama mita 5, yaani hatua sita au saba za mtu mzima. Iliyo vipande viwili, kimoja mkononi na kingine kimekaa juu ya kamera kikiwa na waya, hiyo ni ya mawimbi ya redio. Ya tatu ni ya Bluetooth, ambayo ni lazima ijulishwe kwa kamera au simu kabla ya kutumika.

Tuanze na betri, maana kwa aina zote ndiyo ya kwanza kushukiwa. Rimoti ndogo hutumia betri bapa kama sarafu. Zile namba juu yake si urembo. CR2032 maana yake upana ni milimita 20 na unene milimita 3.2. CR2025 ina upana ule ule lakini unene ni milimita 2.5. Zote ni volti 3, kwa hiyo mwenye duka akikosa moja atawaambia chukueni hii, zinafanana. Hazifanani. Ile nyembamba ikiwekwa mahali pa nene hulegea, leo inagusa kesho haigusi, na nyinyi mtadhani rimoti ina wazimu. RC-6 inataka CR2032, ML-L3 inataka CR2025. Ichukueni ile ya zamani mkaionyeshe dukani. Mkiiweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha utazame pale mlipoonyeshwa na mchoro wa ndani, na ifuteni kwa kitambaa kikavu kwa sababu mafuta ya vidole huzuia umeme. Kama rimoti ni mpya kabisa, angalieni kama kuna kipande cha plastiki kimechomoza pembeni. Kivuteni kitoke. Tumeona rimoti iliyokaa kabatini mwezi mzima ikiitwa mbovu kwa ajili ya hicho tu.

Hapa tuseme jambo moja zito kuliko picha. Betri hizi ndogo zikimezwa na mtoto zinaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitali saa ile ile, hata kama mnashuku tu na mtoto anacheza. Betri iliyokwisha kwa kamera bado ina nguvu ya kumdhuru, kwa hiyo isitupwe uani.

Kwa rimoti ya infraredi kuna kipimo kizuri kisicho na gharama. Fungueni kamera ya simu, hasa ile ya mbele ya selfi, maana kamera za nyuma za simu nyingi huuchuja mwanga huu. Elekezeni rimoti kwenye lenzi ya simu mbonyeze mkitazama kioo cha simu. Mkiona taa ikimulika, ya zambarau au nyeupe, rimoti inatuma. Acheni kuilaumu. Isipomulika hata kwa betri mpya, hapo ndipo mseme imekufa.

Ikiwa inatuma, nendeni kwenye kamera. Je, kamera yenu ina jicho la kupokea? Si kila kamera inalo. Canon 1100D, 1200D na 1300D, ambazo ni za bei nafuu na watu wengi wanazo, hazina jicho hilo, na RC-6 haitazungumza nazo kamwe hata mkibonyeza mpaka jioni. Hizo zinataka rimoti ya waya, au ile ya redio yenye kipokezi kinachochomekwa. Ulizeni jambo hili kabla ya kulipa.

Pili, kamera lazima iambiwe isubiri rimoti. Hufanywa katika menyu au kwa kitufe kile kile cha kipima muda, pale penye alama ya rimoti. Kamera nyingine husubiri kwa muda mfupi, kisha hurudi zenyewe katika hali ya kawaida. Kwa Nikon kadhaa muda huo ni dakika 1, isipokuwa muuongeze katika menyu hadi 5, 10 au 15. Sasa niambieni, ni kikundi gani cha watu thelathini kinachojipanga kwa dakika moja? Huyu anatafuta kiatu, yule anamwita mtoto, mwenyekiti anakataa kukaa pembeni. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza kule mwembeni.

La pili lilikuwa jua. Mwanga wa jua una infraredi nyingi ndani yake, na likipiga moja kwa moja kwenye jicho la kamera, ile sauti ndogo ya rimoti humezwa, kama mtu anayenong'ona karibu na posho mili. Jambo hili si geni. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith huko Marekani ilitoa rimoti ya televisheni iliyotumia mwanga, ikiitwa Flash-Matic, na jua likiingia dirishani televisheni ilikuwa ikibadilisha stesheni yenyewe! Kule Namboboto kamera ilikuwa imewekwa ikitazama upande wa Uganda, jua linakotua, saa kumi na moja jioni. Ndani ya nyumba usiku hakuna jua, basi ikakubali.

Tuliongeza muda hadi dakika 15, tukageuza kila kitu ili jua liwe nyuma ya kamera, na mama akabonyeza mara moja tu. Mweka hazina aliposikia kamera ikilia alisema, “Mama, pole sana,” na habari ya kukata akiba haikurudi tena. Ikiwa hamwezi kugeuka, mtu asimame ili kivuli chake kiangukie kamera, au mwelekezee jicho kivuli cha kofia, mradi isiingie mbele ya lenzi.

Mkumbuke pia kwamba jicho kwa kawaida liko mbele, kwenye mshikio wa mkono wa kulia. Aliye nyuma ya kamera hafikii, na lenzi kubwa huweza kulikinga ukisimama upande wa pili.

Kuna wakati mtasikia lenzi ikizunguka huku na huku bila picha kupigwa. Rimoti imesikika, ila kamera haijapata fokasi na inakataa kupiga. Fokasini kwanza kwa mkono wa mtu nyuma ya kamera, kisha sogezeni swichi ya lenzi kutoka AF hadi MF. Kuanzia hapo msiguse lenzi, wala mstari usisogee mbele au nyuma.

Rimoti ya redio haijali jua wala ukuta, lakini ina mambo yake. Vipande vyote viwili vina betri, na watu hubadilisha ya mkononi wakasahau ya juu. Chaneli lazima zilingane pande zote mbili. Kipokezi kingi kina kitufe chake: kibonyezeni. Kamera ikipiga, waya ni mzima na shida iko kwenye chaneli au kipande cha mkononi. Isipopiga, chunguzeni waya. Kamera nyingi ndogo za Canon hutumia pini ya milimita 2.5, nyembamba kuliko ile ya milimita 3.5 ya spika za masikioni, na isiposukumwa mpaka mwisho haifanyi kitu.

Ya Bluetooth tutaisema kwa ufupi. Ile ya bei ya chini inayouzwa pamoja na stendi ni ya simu, wala haitaongoza kamera yenu. Inajifanya kitufe cha sauti cha simu, kwa hiyo mipangilio ya kamera ya simu iruhusu kitufe hicho kipige picha. Na ikiwa ilijulishwa kwanza kwa simu ya katibu, naye katibu yuko hapo hapo mstarini, itaikamata simu yake iliyo mfukoni na ninyi mtabaki mkibonyeza bure. Katibu azime Bluetooth.

Yote yakishindikana na watu wamechoka kusimama, kamera yenu ina kipima muda cha sekunde 10. Mpiga picha abonyeze, akimbie, aingie mahali alipoachiwa nafasi. Mwachieni pembeni mwa mstari, si katikati ya wazee waliokwisha kukaa.